Jina Moja, Ndege Mbili

Hapo zamani, tena si zamani ile ya sungura kusema, ni zamani hii hii yetu ya simu na ndege, palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege huko nyanda za juu kusini, kwenye baridi ya kung'ata masikio. Sogeeni basi. Mimi nasimulia bure, lakini mwisho nitawadai jibu, na asiye na jibu asiniombe hadithi nyingine.

Pembeni ya kiwanja, Mama Tusekile alikuwa na kibanda cha chai. Jina lake hasa ni Mbonile, lakini nani anamwita mama wa watu kwa jina? Mume wake alishatangulia mbele ya haki. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, huyo Tusekile, aliyeolewa bondeni Isalala, na wakati huo tumbo lake lilikuwa la mwezi wa mwisho.

Wateja wake wakubwa walikuwa marubani wawili, na wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja: ubishi.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ambakisye. Ndege yake aliiita Bibi, na iliundwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Mbawa za turubai, gurudumu dogo mkiani, saa za mishale zenye vioo vilivyopiga umanjano. Wa pili alikuwa Subilaga, dada aliyerudi masomoni na ndege mpya aliyoiita Mwali. Nyeupe, laini kama yai, ndani skrini tupu. Zote mbili injini moja, zote mbili zikinywa mafuta ya aina moja.

Hawakubishania kupaa, wala kutua. Walibishania kitu kimoja: ndege ikishapaa, ikanyooka, ikatulia angani kwa safari ndefu, ipi inasafiri vizuri?

"Mwali anapita juu ya mawingu," Subilaga husema. "Huko hewa nyepesi, anateleza tu. Wewe Mzee ukifika, watu wameshakula, wameshalala. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!"

"Na wewe ukifika, tangi kavu," Mzee Ambakisye hujibu. "Bibi hana pupa. Anakunywa kidogo, anaiona njia, na jioni bado ana akiba. Haraka haraka haina baraka, binti."

Chai ya kwanza, ubishi. Chai ya pili, ubishi. Mpaka siku moja Mama Tusekile, mikono yote unga wa chapati, uvumilivu ukamwishia.

"Jamani eeh, mtanipasua kichwa! Si mwende huko huko juu mkapimane, mtuache tunywe chai kwa amani?"

Alisema utani. Lakini ubishi ukishaiva, hata utani unageuka amri. Kesho yake asubuhi wabishi hao, badala ya kukaa kwenye benchi, waliliendea pipa la mafuta. Na hapo sasa ndipo mjue akili ya mbishi: mvua zilikuwa zimevunja daraja, lori la mafuta limekwama ng'ambo, na pipa lile ndilo lililobaki. Wakaligawa sawa kwa sawa, dumu kwa dumu, wakalikung'uta mpaka tone la mwisho, wakapaa kwenda kuuzunguka mlima na kurudi.

Mwali alirudi wa kwanza. Subilaga alikunywa chai, akala chapati mbili, akasinzia kwenye benchi, ndipo Bibi akasikika akikohoa kwa mbali. Mzee Ambakisye akashuka, akachukua kijiti, akapima matangi yote mawili. Bibi alikuwa amebakiza nusu. Mwali alikuwa na kidogo cha kulowesha kijiti.

"Nimetangulia!" akasema Subilaga.

"Nimebakiza!" akasema Mzee Ambakisye.

"Mama Tusekile, amua wewe!"

Mama Tusekile akacheka, akashika mbavu. "Mimi tena? Mimi najua chai."

Kicheko hakijaisha, simu ikalia. Alikuwa nesi wa zahanati ya Isalala.

"Mama, Tusekile amejifungua. Mtoto wa kike, mzima. Lakini damu haikatiki, mama, na hapa hatuna ya kumwongezea. Ipatikane leo kabla jua halijashuka. Likishuka, sina la kukuahidi."

Damu ilikuwa hospitali ya mjini, nyuma ya milima, na barabara ndiyo hiyo imekatika. Mama Tusekile aliziangalia zile ndege mbili. Akaliangalia pipa lililolala ubavu. Akakaa chini pale pale kwenye unga. Ni yeye aliyewaambia waende wakapimane. Na ule msemo aliousikia kila siku akacheka, chelewa chelewa utakuta mwana si wako, leo ulikuwa unamsema yeye.

Wabishi, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hawakubishana. Subilaga akasema, "Bibi hawezi kwenda mjini na kurudi kabla ya jua kushuka. Mwali anaweza. Lakini mafuta yangu hayavuki mlima."

"Na Mwali hatui Isalala," akasema Mzee Ambakisye. "Pale ni majani na tope, tena pafupi. Vigurudumu vyako vitazama. Bibi anatua."

Wakati anasema hayo, alikuwa tayari chini ya bawa la Bibi na mpira na dumu, anamnyonya mafuta ampe Mwali. Alimwachia Bibi ya kushuka bondeni tu. Ya kupanda tena hakumwachia.

Subilaga akapaa. Hata kwa mafuta yale ya kuongezewa, kukimbia kama alivyozoea kusingemfikisha. Basi akapanda juu ya mawingu, akapunguza moto, akautafuta upepo wa mgongoni, akamwendesha Mwali kwa ubahili aliokuwa akiucheka kila asubuhi. Taa nyekundu ya mafuta ikawaka angali juu ya milima. Chini mawingu, chini ya mawingu mawe. Upepo ungegeuka, tungekuwa na matanga mawili. Haukugeuka. Injini ilizimika ndege ikiwa imeshagusa lami ya mjini, watu wakaisukuma kama gari bovu. Akajaza mafuta, akapewa kisanduku cha damu, na safari ya kurudi hakubana kitu. Alimkimbiza Mwali kwa nguvu zake zote.

Mama Tusekile alikuwa amesimama kiwanjani na aproni yake, macho juu, midomo ikisali. Mwali alipotokea, Bibi alishawashwa, ananguruma. Kisanduku kikatoka mkono huu kikaingia mkono ule, hata pole hawakupeana.

Bondeni, Mzee Ambakisye aliona maji yanang'aa katikati ya majani. Mafuta ya kugeuza hakuwa nayo, na sidhani kama angegeuza. Akatua. Bibi akakimbia kidogo, magurudumu yakakamatwa na tope, akainama akasimamia pua. Propela ikajikunja. Bawa likavunjika, na mkono wa Mzee nao ukavunjika. Lakini kisanduku alikuwa amekipakata, na wanawake wa Isalala waliingia topeni mpaka magotini kukipokea. Damu ilianza kumwingia Tusekile jua likiwa limekaa juu ya kilima.

"Ingechelewa kidogo tu," nesi alisema, "leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Tusekile akapona. Bibi hakupona. Vipuri vyake haviundwi tena popote, na hadi leo yuko pale pale Isalala, kuku wanatagia ndani yake.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Kwa watu wale, bibi mzaa mama ndiye anayetoa jina la mtoto. Jina moja, mara moja, likishatolewa halibadilishwi. Na mwenye jina anakuwa somo wa mtoto: ndiye anayempeleka shule siku ya kwanza, ndiye anayemsimamia arusini, na akifa, mtoto ndiye anayebeba msalaba mbele ya jeneza lake. Tena jina kwao halina suruali wala gauni, la mwanamume hupewa msichana na la mwanamke hupewa mvulana.

Siku ya jina, nyumba ilijaa. Mama Tusekile akampakata mjukuu. Mzee Ambakisye akasimama, mkono kwenye bandeji.

"Mama Tusekile, sijawahi kukuomba kitu zaidi ya sukari. Mafuta yaliyomfikisha Mwali mjini ni akiba ya Bibi, na mlango wa mwisho aliufungua Bibi, kwa kufa kwake. Mimi sina mtoto. Nilikuwa na ndege, sasa sina ndege. Nipe jina libaki."

Akakaa. Subilaga akasimama.

"Mzee ni kama baba yangu, simpingi. Lakini akiba bila kasi ingefika msibani. Mimi nilivuka mlima taa nyekundu ikiwaka. Mama, mimi nilizaliwa mwaka ambao barabara ilikatika kama hivi. Mama yangu alitokwa damu akafa, akazikwa, nikapewa jina lake. Subilaga ni jina la mwanamke aliyechelewewa. Mpe huyu, ambaye mama yake hakuchelewewa."

Watu wakafuta macho. Kumbe mama mkwe wa Tusekile, mwanamke asiyemeza neno, alikuwa anachemka kwenye mkeka wake.

"Mnagombea jina! Na mafuta ya pipa nani aliyachoma kwa ubishi? Yangekuwepo, ndege ingeondoka saa ile ile simu ilipolia, na Mzee asingevunjika mkono. Mimi naona wote wawili wakose. Na huyo aliyewatia ufunguo wakapimane huko juu, kama ningemjua, nisingemruhusu hata kumshika mtoto huyu!"

Mzee Ambakisye akaangalia bandeji yake. Subilaga akaangalia mlango. Walimjua vizuri, na hawakumtaja.

Mama Tusekile alikuwa amemshika mtoto. Siku ile ya kijiti na matangi waliposema "amua wewe," alicheka akashika mbavu. Leo hakucheka, na mjukuu akamkamata kidole. Akamtazama aliyebakiza, akamtazama aliyetangulia, akamtazama yule mama mkwe aliyesema kweli bila kujua anamsema nani. Kisha akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo, zamu ni yenu. Msiangaliane, jibuni! Lile jina moja, je, nani alistahili: mwenye akiba, au mwenye kasi? Na ninyi mngekuwa Mama Tusekile, mngetaja jina kwanza, au kosa lenu kwanza?