Nyembe Nne za Bwana Mifugo

Vuteni vigoda karibu. Leo siwapi hadithi ya kuwabembeleza mlale. Nawapa fundo, na wa kulifungua si mimi.

Katika milima ya Upare waliishi watu watatu wenye vipawa, na kila ndege huruka kwa bawa lake. Msifuni, mama mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na sikio. Mashine ikikohoa naye yuko kisimani, hutua ndoo na kusema, "Mkanda umelegea," na ukienda kutazama, umelegea kweli. Semboja, fundi saa, alikuwa na jicho. Vumbi ambalo wewe na mimi tungeapa kwamba halipo, yeye alilinyanyua kwa koleo akakuonyesha. Eliapenda, fundi cherehani, alikuwa na mkono. Alitunga uzi kwenye sindano huku akibishana habari za mpira, na mtu huyo hakuwa akibishana kwa upole.

Wa nne ni Bibi Namkunda, ambaye hakujidai kipawa chochote. Mumewe, Mzee Kajiru, alikuwa bwana mifugo. Miaka thelathini alipanda milima hiyo kwa pikipiki moja nyekundu ya kizamani akienda kuchanja ng'ombe. Jioni Namkunda aliisikia ikishuka kilimani, ndipo alipoteleka maji ya ugali. Kisha Kajiru akaugua, pikipiki ikalala. Aliumwa miaka miwili, na kabla ya kufa aliacha neno mbele ya ukoo: "Pikipiki yangu msiigawe wala msiiuze. Atakayeiamsha, ni yake."

Vijana wa ukoo waliipiga kiki mpaka soli zikabanduka. Kimya. Siku ya kuanua tanga ikafika, siku ya kumaliza msiba na kugawa vitu vya marehemu, na pikipiki haikuwa na mwenyewe. Mrutu, mdogo wake Kajiru, alikuwa amechoka kuitazama.

"Shemeji," alimwambia Namkunda, "jua likizama haijanguruma, watu wa chuma chakavu wanaibeba. Kisichoamka kimekufa, na kilichokufa hakina wosia."

Namkunda alikuwa amekwisha kumzika mume. Hakutaka kuuzika na ule mlio. Akatuma watu wamwitie wale watatu.

Eliapenda alifika na spana mkononi, tayari kuifungua kabureta. "Acha!" Msifuni akamzuia. Alifumba macho, akapiga kiki mara tatu, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. "Pumzi inayo. Petroli inapanda, nainusa. Lakini bomba la moshi limesema pu mara moja, halafu basi. Moto wa plagi unakuja ukijisikia. Msihangaike na kabureta, tafuteni kwenye moto." Bila sikio hilo wangeshinda wakisafisha kitu kisicho na ugonjwa.

Semboja akafungua kifuniko cha ubavuni, akabandika lenzi yake jichoni. Humo ndani hukaa platini. Ni vijichwa viwili vya chuma, vidogo kama punje za mtama. Vinagusana na kuachana, vinagusana na kuachana, na kila vinapoachana plagi hutoa cheche. Semboja alitazama kwa muda mrefu mpaka Mrutu akapiga miayo.

"Kimoja kimeota kilima kwa kuungua," akasema. "Na juu yake pana utando wa mafuta. Mnyororo hupenda mafuta, platini huyachukia. Nani ametia mafuta humu?"

Watu wakatazamana.

"Ni mimi," akasema Bibi Namkunda.

Akaeleza. Zamani kila Jumamosi alimwona mumewe akilainisha pikipiki kwa kopo la mafuta. Kajiru alipolala kitandani, yeye akalichukua lile kopo. Hakujua kipi kinataka na kipi hakitaki, kwa hiyo akavipa vyote, hata kilichokuwa nyuma ya kifuniko, akikifungua kwa kisu cha jikoni. Mgonjwa alimsikia kupitia dirisha na kutabasamu.

"Nilidhani naitunza," akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu. "Kumbe nilikuwa naiua, naye ananisikiliza."

Je, Kajiru alijua? Hata mimi ningependa kujua, ila wa kuulizwa hayupo.

Ikawa zamu ya mkono. Eliapenda alichukua jiwe la kunolea mikasi, akasugua kile kilima kidogo kidogo mpaka kikalala. Akapangusa kwa kitambaa chenye petroli, akakausha. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Platini zinapoachana sharti ziache nafasi maalumu. Ikizidi, injini inagoma. Ikipungua, zinaungua tena. Kipimo chenyewe kilishapotea. Eliapenda alikisia, wakapiga kiki, kimya. Akakisia tena. Kimya. Mrutu akalitazama jua.

Hapo Namkunda akafuta uso kwa kanga, akaingia chumbani, akatoka na kopo la vifaa vya kunyolea. Ndani mlikuwa na nyembe nne kuukuu zilizofungwa pamoja kwa uzi.

"Nilimwuliza miaka yote, nyembe butu za nini? Akasema ni za pikipiki. Mwanamume mwenye ndevu sita! Nikajua ananitania."

Eliapenda akazifungua, akazipanga pamoja, akazipenyeza katikati ya platini. Kumbe unene wa zote nne ndio uliokuwa kipimo cha marehemu. Sasa kukaza skrubu, na hiyo skrubu ilikuwa na kisirani. Ukiikaza, nafasi inahama. Mara sita ilihama. Mara ya saba Eliapenda alibana pumzi, mkono ukatulia, skrubu ikashika.

Mrutu ndiye aliyekuwa na mguu mzito kuliko wote, wakamwomba apige kiki. Akapiga mara moja tu.

Ikanguruma! Vigelegele vikapanda, mbuzi wakakata kamba. Bibi Namkunda aligeuka kutazama njia ya kilimani, akajikuta anawaza maji ya ugali.

Kisha maneno yakaanza.

"Neno la marehemu ni neno," akasema Msifuni. "Mimi ndiye niliyewaonyesha njia. Bila hivyo mngekuwa bado mnanyonya petroli kwenye kabureta."

"Ulituonyesha nyumba," akasema Semboja, "mwizi nimemkamata mimi."

"Mwizi mmemwona, mkasimama," akasema Eliapenda. "Nani alimtoa?"

Mrutu, mwenye mguu, akakohoa kidogo. Wakamwambia anyamaze.

"Na Bibi je?" Semboja akauliza.

"Bibi? Si ndiye aliyeiua?" Msifuni akashangaa.

"Aliyeiua ndiye aliyeleta dawa," akasema Eliapenda. "Bila zile nyembe, mkono wangu ungekisia mpaka kesho."

Wote wakamgeukia Namkunda. Yeye hakuwatazama. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tangi linalotetemeka, na hakuna aliyethubutu kuizima, kwa kuwa nani anajua kama itaamka tena? Na petroli waliyotia ilikuwa kikombe kimoja.

Haya, nyie mlionisikiliza: sikio, jicho, mkono, na mjane aliyeilaza na kuiamsha. Pikipiki ni moja na haigawanyiki. Mngempa nani? Semeni upesi, mafuta yanakwisha.