Mimba ya Madoa

Bila kumung'unya maneno, Ngeleja alikuwa mjuaji wa kuudhi. Wiki nzima alikuwa karani huko Maili Moja. Jumamosi akifika kwake Dutumi, aligeuka bingwa wa mifugo. Aliyeamka alfajiri akakamua, akachunga na kuzoa samadi ni mkewe, Kwandu.

Jumamosi hiyo alimkuta Madoa, ng'ombe ambaye Kwandu alipewa na baba yake mzazi, akimparamia zizini mtamba mmoja, jike ambaye hajazaa bado. Mtamba alitulia tuli, hakusogea hata hatua.

“Madoa ana joto, anataka dume!” Ngeleja alipiga kelele. Papo hapo akamwita kwa simu Zubeir, mtaalamu wa kupandikiza mbegu.

“Baba Ngusa, mwenye joto ni huyo aliyesimama akapandwa,” Kwandu alisema. “Madoa alipandwa na dume la jirani miezi minne iliyopita, na nilikwambia. Ana mimba.”

“Mwenye mimba atampandaje mwenzake? Mama Ngusa, usinifundishe kazi!”

Zubeir alipofika, Kwandu alimsihi ampime Madoa kwanza. Zubeir alivaa glovu yake ndefu, akamgeukia Ngeleja.

“Bwana, mama ana hoja. Nipe dakika mbili nimpapase.”

“Nimekuita mimi au amekuita yeye? Pandikiza!”

Na Zubeir naye, aibu yake, akatii. Akapitisha mrija mpaka ndani ya kizazi kilichokuwa kimejifunga kumlinda ndama. Kwandu aliuma meno, machozi ya hasira yakimlenga. Mtamba hakuna aliyemtazama, na kesho yake joto lake likapita bure.

Jumanne asubuhi Madoa aliharibu mimba. Ndama, mdogo kama paka, alikuwa juu ya samadi, kwato zake bado laini. Kwandu alimfunika kwa kanga yake. Alipopigiwa simu, Ngeleja alikuja mbio.

“Sasa kwa nini hukunizuia?” alifoka.

Lo! Kwandu alimgeukia.

“Nilikuzuia mbele ya mgeni, ukanifokea mbele ya mgeni! Huyu ndama alikuwa wangu, Baba Ngusa, na wewe ndiye uliyemuua. Leta godoro lako humu zizini, ulale na ng'ombe hawa mwaka mzima, ndipo uje kunifundisha!”

 Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.