Kindi, Kenge na Kitufe Chekundu

— Wenye masikio, mpo?
— Tupo, na mikia tumeikalia!
— Niwape au nimeze?
— Tupe! Ukimeza utapaliwa!

Haya. Hapo kale, kale ya juzijuzi, palikuwa na Kindi. Hakuwa fundi wa kulipwa, alipenda tu. Redio mbovu ikitupwa, Kindi huyo. Tochi ikifa, Kindi huyo. Anafungua skrubu, anachambua nyaya, analehemu, tsss, moshi kidogo, na kitu kinafufuka.

Na palikuwa na Kenge. Kenge mkubwa, mkia kama mjeledi, tumbo lisilojua neno "basi". Siku moja Kenge alipita mlango kwa mlango akigawa programu ya kuchorea kwenye kompyuta.

"Bure, jamani! Unachora nyumba, unachora mitambo, unachora utakacho!"

"Bure kabisa, Mzee Kenge?" Kindi akauliza.

"Bure kabisa, mwanangu. Bonyeza tu hapo palipoandikwa 'Nakubali'."

Kindi akabonyeza. Nani asiyebonyeza?

Jirani yake Kindi alikuwa Mama Kanga, naye alikuwa analalia mayai. Asubuhi moja akaja analia.

"Kindi mwanangu, nilikuwa na mayai kumi na mawili. Nimetoka kidogo tu kutafuta mchwa, narudi nakuta tisa. Nikahesabu tena. Tisa."

"Pole, mama. Nitakutengenezea king'ora."

Kindi akakaa kwenye kompyuta, akachora. Betri hapa, king'ora pale, waya mlangoni mwa kiota. Mwizi akikanyaga tu, wii! wii! wii! Akaufunga mtambo kama alivyouchora.

Kesho yake Mama Kanga akatoka. Mwizi akaja. Mlangoni hakupita, alipita nyuma. Yakabaki mayai sita.

Kindi akachora tena. Waya mlangoni, waya nyuma. Kesho yake Mama Kanga akatoka. Mwizi akaja. Mlangoni hakupita, nyuma hakupita, alitoboa juu. Yakabaki mayai matatu.

"Mwizi huyu ana bahati," akasema Mama Kanga.

"Hana bahati, mama," Kindi akajibu taratibu. "Ana mchoro."

Akarudi nyumbani, akawasha kompyuta. Akachora mstari mmoja. Kijitaa cha mtandao kikakonyeza, twi! Akachora miwili, twi! twi! Akaacha kuchora, kijitaa kimya. Hapo akaelewa. Kila anachokichora kinatoka, kinakwenda kwa mwenye programu. Baridi ikampita mgongoni, kama mtu aliyekuwa akioga wiki nzima, kisha akagundua mlango hauna komeo. Mayai sita, akawaza, sita yamepotea kwa mkono wangu.

Hakuifuta programu. Alihamishia yale mayai matatu nyumbani kwake, ndani ya kasha la pamba, na Mama Kanga akaja kuyalalia huko. Kiotani akaweka mawe matatu meupe. Kisha akachora mchoro mzuri kuliko yote: waya mlangoni, waya nyuma, waya juu. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: "SIRI. Kuzima king'ora, bonyeza kitufe chekundu kwa mkia, ushikilie. Ukisikia kelele, kandamiza zaidi."

Twi! twi! twi!

Mtambo wa kweli aliuchora kwa mkaa, juu ya kigae. Ulikuwa na waya mmoja tu, kutoka kwenye kitufe chekundu hadi kwenye king'ora.

Mchana Kenge akaja. Akatazama huku, akatazama huko. Akakiona kitufe, akabonyeza kwa mkia. Wiiii!

"Sijakandamiza," akajisemea. Akakandamiza. WIIIII!

"Bado kidogo." Akakandamiza, huku akidaka yai, akauma. Kakata! Jino likang'oka.

Wanyama wakaja mbio: Ngiri, Swala, hata Kobe, aliyefika wa mwisho. Wakamkuta Kenge na jiwe mdomoni, mkia juu ya kitufe.

"Shikamoo, Mzee Kenge," akasema Kindi.

"Mmh."

"Naona unakandamiza. Nani kakuelekeza?"

Kenge akatema jiwe. "Imeandikwa! Kwenye mchoro wako!"

Mkia ukateleza. King'ora kikanyamaza.

"Mchoro huo nimeuchora peke yangu," akasema Kindi, "chumbani kwangu, mlango nimefunga. Umeuona wapi, mzee?"

Ngiri akamtazama Swala, Swala akamtazama Ngiri. Kobe akakumbuka kwamba majuzi alichora ramani ya maficho yake, akaingiza kichwa ndani.

Mama Kanga alimfuata Kenge kwa mdomo wake mkali, po! po! po! mgongoni, mpaka mtoni. Kenge akajitosa, chubwi!

Vifaranga watatu wakaanguliwa. Tisa hawakurudi, na ngano haina uwezo wa kuwarudisha. Naye Kenge, mpaka leo, haingii mahali kabla hajatoa ulimi, lepe, lepe, lepe. Anapapasa kama kuna waya.

— Nimemaliza, kilichobaki mdomoni ni mate.
— Yameze! Na funzo lake?
— Funzo ni hili: usichungulie mambo ya watu. Ni vibaya sana. Na ukichungulia, basi angalau uwe umesomea umeme.