Nta Kwenye Kitako cha Pishi

Inasimuliwa na waliopokea kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bonde moja la nchi za Waarabu, ambalo jina lake limetupotea njiani, aliishi mkenekaji wa marashi, mtu wa kuyatoa kwa mvuke wa waridi, aitwaye Dhakwani bin Hilali. Bonde lile lilikuwa la waridi. Msimu ulipofika, wachumaji waliingia mashambani baada ya sala ya alfajiri, umande ungali juu ya majani, na jua lilipopanda, mvuke wa mitungi ya shaba ulitanda juu ya mapaa hata mgeni aliyeingia mjini asijue kama yuko macho au amelala. Mwalimu wangu aliyenisimulia, akifika hapa, alikuwa akivuta pumzi, kana kwamba harufu imemfikia pale alipoketi.

Dhakwani alikuwa mcha Mungu. Aliwalipa watu wake kila Alhamisi baada ya alasiri, pishi tatu za shayiri kwa kila mmoja. Na mji ule ulikuwa na desturi yake: kabla ya pishi kujazwa, mfanyakazi alitia mkono ndani ya kile chombo cha mti kikiwa kitupu, akagusa kitako, akasema Bismillahi, ndipo tajiri akajaza. Lakini kwa Dhakwani desturi hii ilikuwa imeachwa miaka mingi. Wachumaji wake waliona haya kugusa kitako cha pishi ya mtu kama yule.

Kisha ukaja mwaka wa dhiki. Vita vilifunga njia, misafara ikakoma, chupa za marashi zikajaa ghalani bila mnunuzi, na bei ya shayiri ikawa inapanda kila juma. Matajiri wa waridi wakakutana, wakaafikiana kupunguza ujira kwa theluthi, na kila mmoja akaenda kuwatangazia watu wake. Wengine walilia walipotangaza, wengine hawakulia. Dhakwani peke yake alisimama akasema kwamba yeye hatampunguzia mtu hata kibaba. Habari zikaenea, na Ijumaa ile khatibu akamwombea dua mbele ya watu wote. Hapo ndipo shetani alipopata mlango, maana sifa ni tamu, na mtu akishasifiwa mimbarini huona taabu kurudi nyuma.

Juma la tatu baada ya dua ile aliingia ghalani akaiona sakafu. Shayiri iliyobaki isingefika mwisho wa msimu. Angeweza kuwaita watu wake akawaambia ukweli, kama walivyofanya wenzake aliowaona wagumu wa moyo, lakini alishindwa. Akachukua nta ya kuzibia chupa, akaiyeyusha, akaimimina ndani ya pishi mpaka ikafika kina cha vidole viwili. Alijiambia kwamba anawahifadhia watu kazi, na kwamba njia zikifunguka ataitoa. Alhamisi ile wachumaji walipokea pishi zao tatu, wakamwombea baraka, wakaenda zao. Hakuna aliyegusa kitako.

Tangu siku ile Dhakwani hakusikia tena harufu ya waridi. Alisimama katikati ya mvuke, akavuta pumzi kwa nguvu, asipate kitu. Akadhani ni mafua, akanywa asali na habasoda, na mafua yenyewe hayakuwapo.

Na kila adhuhuri alipojinyoosha kwa usingizi wa mchana, aliota ndoto ile ile. Alijiona katika uwanja mweupe usio na mwisho, na watu wamepanga safu, kila mmoja ameshika pishi yake. Hapakuwa na kilio wala kelele. Aliyefikiwa na zamu aliinama, akatia mkono katika pishi aliyoishika, akagusa kitako, akapita. Zamu ya Dhakwani ilipofika, alitia mkono ukazama hadi kiwiko, ukazama hadi bega, na kitako hakukifikia. Kila alipogusa palikuwa na kitu laini kinachobonyea. Akiamka, hukuta vidole vyake vimekunjamana, na kwa muda asijue yuko upande gani wa usingizi.

Juma la saba tangu aimimine ile nta, siku ya Jumanne, alijiwa na Bi Rumaisa. Huyu alikuwa mjane, mchumaji mkongwe kuliko wote, aliyeanza kazi enzi za baba yake Dhakwani. Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba shauri, kama watu wanavyomwendea mtu mwema. Akaeleza kwamba unga nyumbani kwake unakwisha siku mbili kabla ya Alhamisi, ilhali vinywa ni vile vile na pishi ni zile zile. Amefikiri sana, akaona hapana mwingine wa kushukiwa ila mkaza mwanawe, Lubaba, ambaye wazazi wake ni maskini wa upande wa pili wa bonde. Alimuuliza, na Lubaba akaapa kwamba hakuchukua hata konzi moja. Hakumwamini. Amemrudisha kwao juzi, na mwanawe ameazimia kumpa talaka Ijumaa.

“Siku moja niliutazama ule unga nikaona ni mchache tangu mwanzo,” akasema. “Nikajilaumu. Nikajiambia, Rumaisa, utamshukuje Dhakwani, umwache mwizi wa nyumbani mwako? Basi nishauri, bwana wangu. Mwanangu amwache mkewe, au asubiri?”

 Dhakwani akamwambia wasubiri mpaka Alhamisi baada ya alasiri. Bi Rumaisa akamshukuru, akaondoka huku akimwombea dua moja baada ya nyingine, na kila dua ilimchoma.

 Siku mbili zile nafsi yake ilimpa njia nyepesi: atoe nta kimyakimya, pishi irudi kama zamani, unga utoshe, na siri ife. Lakini alipoigeuza hila hiyo upande wa pili, akaona ubaya wake. Unga ungetosha baada ya Lubaba kuondoka, na hiyo ingekuwa ndiyo hoja ya wizi wake. Kadiri pishi itakavyojaa, ndivyo binti wa watu atakavyozidi kuwa mwizi, mpaka kaburini. Dhakwani akalia. Alikuwa akilipenda jina lake jema, tusimsingizie vinginevyo. Alilipenda kama mtu anavyopenda mtoto wake wa pekee.

Alhamisi wachumaji walipokusanyika, aliiweka pishi tupu juu ya jamvi, akamwita Bi Rumaisa mbele.

“Mama yangu, gusa kitako.”

Bi Rumaisa akasema hapana haja, mbona hawajagusa miaka yote. Dhakwani akarudia maneno yale yale kwa sauti ya chini. Ndipo akatia mkono, na mkono ule uliokwisha kuziba chupa nyingi uliitambua nta mara moja. Hakuutoa. Akabaki ameinama, akimtazama Dhakwani.

“Mwizi wa unga wako ni mimi,” akasema Dhakwani. “Majuma haya yote nimewaibia nyote, na Lubaba hana kosa.”

 Mchumaji mmoja akasema kwamba wale matajiri wengine ni bora, kwa kuwa wao walipunguza machoni pa watu. Dhakwani akajibu kwamba amesema kweli. Mtu yule akatupa kikapu chake akaenda zake, wala hakurudi kazini kwa Dhakwani tena, na wasimulizi hawakumlaumu.

Dhakwani akaibandua nta kwa kisu mbele yao. Akawafungulia ghala, wakaona kwa macho yao kilichobaki. Akaahidi kumuuza nyumbu wake wa kupanda awarudishie walichopunjwa, na baadaye akatimiza, hata yule aliyeondoka akapelekewa haki yake. Ndipo wakakaa pamoja, wakahesabu, wakaridhiana kwamba kila mtu apate pishi mbili mpaka njia zifunguke, na Dhakwani naye pishi mbili, zipimwe kwa chombo kile kile.

Kabla ya magharibi siku ile ile alivuka bonde kwa miguu, yeye na Bi Rumaisa na mwanawe, mpaka nyumbani kwa kina Lubaba. Binti alitoka mlangoni, macho yamevimba. Dhakwani akamweleza yote, asifiche neno. Lubaba hakumtukana. Aliuliza tu nta ilikuwa na kina gani, naye akamwonyesha vidole viwili.

Lubaba akavitazama vile vidole.

“Hivyo tu,” akasema, “ndivyo vilivyonitoa kwangu?”

Bi Rumaisa akamwangukia miguuni, na Lubaba akamwinua. Walirudi pamoja njia ya mashambani, wanawake wawili wameshikana mikono, mume nyuma yao, na Dhakwani mbali zaidi, akitembea kama mtu aliye ndotoni.

Alhamisi iliyofuata, Bi Rumaisa alitangulia mbele ya wenzake. Pishi ilikuwa tupu. Bila kuambiwa, akatia mkono, akagusa kitako, akasema Bismillahi. Dhakwani akainamisha kichwa, akasema kwamba anastahili kushukiwa.

“Sikushuku, mwanangu,” akasema mama yule, na hakuwahi kumwita hivyo kabla. “Tulipoacha kugusa tulidhani tunakuheshimu. Kumbe tulikuacha peke yako na pishi. Hatutakuacha tena.”

Alipoutoa mkono, vumbi la shayiri lilikuwa vidoleni mwake, na pamoja nalo harufu ya waridi alizochuma alfajiri. Dhakwani akaisikia.

Ndugu zangu, mwaka wa dhiki humfika kila mtu, na tajiri aliyepungukiwa hana dhambi kwa kupungukiwa. Aseme tu, na walio chini yake wasione haya kutazama. Ee Mola, tupe wa kutugusia kitako cha vipimo vyetu tungali hapa, kabla hatujasimama katika safu ile, kila mtu na pishi yake.