Kwa Nini Manukato Hupakwa Asubuhi Yakahukumiwa Alasiri

Zilikuwapo zama ambazo manukato hayakungojwa. Mtu alizibua kibuyu, akavuta pumzi moja, akasema mazuri au mabaya, na neno likaishia hapo. Hakuna aliyepakwa kifundo cha mkono akaambiwa nenda kalime kwanza. Desturi hiyo mnayoiona kwa wauza mafuta wetu ililetwa na mwanamke mmoja aliyekosea mbele za watu. Habari zake ndizo hizi.

Katika nchi ya Usimbi, nchi ya miombo na nyuki, aliishi mjane aitwaye Kalekwa. Alikuwa mnusaji wa boma la Mtemi Kasanda. Kila mafuta yaliyoletwa kwa nyumba ya mtemi yalipita puani mwake kwanza, naye ndiye aliyesema yapi yaingie na yapi yamwagwe. Alikuwa na pua kweli kweli. Samli angekwambia ni ya ng'ombe waliolishwa bondeni au mlimani, na asali angekutajia ua la mti uliotembelewa na nyuki wake. Alikishika kibuyu, akafumba jicho la kushoto, akanusa mara moja tu, akatoa hukumu. Kwa miaka kumi na tisa hakurudia kunusa wala hakubadili neno. Watu walimsifia wepesi huo kuliko hata usahihi wake, na yeye, tuseme kweli, sifa hiyo ilikuwa imemwingia.

Mwaka huo Usimbi ilikuwa imechoka na vita. Misimu mitatu walipigania malisho ya mtoni na jirani zao wa Ulasa, na pande zote mbili zilizika vijana mpaka majembe yakawa butu. Mwishowe wazee walipatana kwamba Mtemi Kasanda amwoe binti wa mtemi wa Ulasa, na malisho yawe ya wote. Ilikuwa ada ya Usimbi kwamba bibi harusi wa mtemi hupakwa mafuta langoni, mafuta mapya ambayo harufu yake haijapata kuvaliwa na bibi harusi mwingine. Akiyakubali, ameingia. Akiyafuta, amerudi kwao. Na safari hii kila mtu alijua kwamba binti yule akirudi kwao, mikuki nayo ingerudi mikononi.

Wapishi wa mafuta walikuja kutoka kila kijiji. Kalekwa alikataa vibuyu tisa. Siku tatu kabla ya harusi akaja mrina asali mmoja kutoka msitu wa ndani, jina lake Sungwa, akichechemea kwa mguu aliouvunja alipoanguka mtini. Nyuma yake alikuja mkewe, Nyamizi, na kibuyu kilichofungwa kwa kamba ya gome.

"Umetia nini humu, baba?" Kalekwa akauliza.

"Tumbaku, mama. Niliyaanika majani kivulini, nikayafunga ndani ya gome pamoja na masega ya asali, miezi miwili. Kisha nikayaloweka katika mafuta ya nyonyo juu ya moto mdogo."

Minong'ono ikapita barazani. Siku zile tumbaku haikuwa kitu cha sherehe. Wazee waliivuta, na mtu alipozikwa, jani moja liliwekwa juu ya kaburi lake. Hata hivyo Kalekwa alikizibua kibuyu, akafumba jicho la kushoto, akavuta pumzi yake moja.

Ukali ulimpiga puani kama pilipili iliyoangukia motoni. Akapiga chafya, akapiga tena, machozi yakamtoka, na kibuyu kikamyumba mkononi hata tone moja likamwagikia kifundo cha mkono wake. Watoto wakacheka. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumcheka.

"Mwageni," akasema. "Haya ni mafuta ya kuzikia."

Sungwa alifungua kinywa, kisha akakifunga. Mtemi Kasanda aliinuka kwa hasira, maana alidhani mtu huyu ametumwa na wale wasiotaka amani. Akaamuru kibuyu kimwagwe jaani, na Sungwa na mkewe wahame Usimbi. "Jua la kesho likizama," akasema, "lisiwakute upande huu wa mto."

Kalekwa akarudi kwake. Alijifuta mkono kwa jani, akatwanga mtama wake. Jua lilipopanda na jasho likamtoka, alinusa asali. Akageuka kutazama kama kuna jirani aliyetoka kurina. Hapakuwa na mtu. Akatwanga tena, na harufu ikaja tena, nayo haikuwa asali ya kwenye bakuli bali asali ikiwa bado ndani ya sega, pamoja na nta yake na moshi mdogo wa mrinaji. Ndipo alipouinua mkono wake puani.

Ukali ulikuwa umeondoka. Mchana wote alikuwa akisimama kila baada ya kazi na kunusa. Alasiri asali nayo ilitulia, na chini yake kukatokea kitu kingine, utamu mkavu na wa joto, kama majani yaliyolaliwa na jua siku nzima. Tumbaku ile ile aliyoiita ya kuzikia ilikuwa imelainika, ikaingia katika ngozi yake kana kwamba alizaliwa nayo. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kunusa kitu kizuri kama hicho.

Akachota maji na jivu, akasugua kifundo cha mkono ili jambo liishe. Hakuna aliyejua. Sungwa angevuka mto, mafuta mengine yangepatikana, na jina la Kalekwa lingebaki jina. Lakini maji yale ya uvuguvugu yaliiamsha harufu, ikapanda na kumjaa usoni. Akaacha kusugua, akakaa chini kando ya kinu, akalia.

Kulipopambazuka bado ilikuwepo, hafifu. Hakula. Alijitanda nguo yake, akashika njia ya mtoni, akienda nusu mbio kama msichana.

Aliwakuta kwenye kivuko. Sungwa alikuwa akifunga mizinga yake miwili kwa kamba. Nyamizi alimwona kwanza.

"Shikamoo, mama mnusaji," akasema bila kutabasamu. "Umekuja kuhakikisha tumevuka?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaomba mrudi. Nilikosea."

"Ulikosea mbele ya nchi nzima," Nyamizi akasema, "unaomba radhi kwenye matete."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya haki. "Basi twendeni," akajibu, "nikaombe pale pale nilipokosea."

Sungwa akaiweka kamba chini. "Mama, nilitaka kukuambia usinuse kwanza, upake kisha ungoje. Lakini nani humfundisha mnusaji kunusa?"

"Ungeniambia tu, mwanangu."

"Ungenisikia?"

Kalekwa akatikisa kichwa. Kisha Nyamizi akaingiza mkono katika mzigo wake, akatoa kibuyu kidogo kisichozidi ngumi, kimezibwa kwa nta.

"Nilikitenga hiki kabla hatujaja," akasema. "Nilijua yanaweza kumwagwa. Sikuwaamini watu wa bomani."

Baraza lilikuwa limejaa walipofika. Kalekwa hakwenda kwenye kiti chake. Alisimama kati ya watu, pale pale alipopiga chafya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi Kalekwa nilihukumu vibaya. Nilinusa mlango nikadhani nimeingia nyumbani. Mtu huyu hana kosa, na mafuta yake ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta."

Mtemi akakunja uso. "Mate yakishatemwa hayarambwi, Kalekwa."

"Haya nayaramba, Mtemi, na watu wote wakiona."

Akamnyooshea mkono. Mtemi aliinama akanusa mabaki ya lile tone, akanusa tena, na hakuinua kichwa upesi. Mwishowe akauliza, "Na binti wa watu naye akipiga chafya langoni?"

"Nitakuwa nimesimama karibu naye."

"Simama karibu sana," akasema Mtemi, "kwa maana nchi yangu nzima itakuwa imesimama nyuma yako."

Siku ya harusi Kalekwa alijipaka mafuta yale alfajiri, kisha akaenda langoni na kungoja. Watu wa Ulasa walifika asubuhi, jua likiwa bado changa, ngoma mbele, na wanaume wao wamebeba mikuki iliyofungwa majani kuonyesha amani. Sungwa mwenyewe alizibua kile kibuyu kidogo. Kalekwa akatia kidole, akampaka bibi harusi kifundo cha mkono.

Kabla hajamwambia angoje, binti alikuwa ameshakinusa. Akapiga chafya.

Ngoma zikakatika. Shangazi yake, mwanamke mnene mwenye bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, akamshika binti mkono na kuunusa, uso ukabadilika. "Tumbaku!" akapaza sauti. "Mmempaka mwanetu tumbaku ya makaburini?" Nyuma yake majani yakaanza kufunguliwa kwenye mikuki.

Kalekwa alisogea mbele, si nyuma. Akamnyooshea shangazi mkono wake mwenyewe. "Dada yangu, mimi pia nilisema hivyo hivyo, na nikamfukuzisha mtu asiye na hatia. Haya ni mafuta yale yale. Nimeyapaka alfajiri. Nusa kwanza, ndipo unichome."

Shangazi akasita. Akainama kwa shingo upande, kama mtu anayeonja mboga ya jirani asiyemwamini. Akanusa. Akavuta pumzi ndefu zaidi. Kisha akaushika mkono wa Kalekwa kwa mikono yake yote miwili, akauleta puani, na watu waliokuwa karibu waliona mabega yake yakishuka.

"Asali," akasema polepole. "Asali hii imetoka wapi?"

"Ilikuwepo tangu mwanzo. Tumngojee mwali naye."

Wakangoja. Pale pale langoni mikeka ilitandikwa, watu wa Usimbi na wa Ulasa wakaketi wamechanganyika kwa sababu kivuli kilikuwa kimoja. Wasio na la kusema walianza kuulizana habari za mvua, kisha za ng'ombe, kisha za waliokufa, na wakaliliana. Kila mara bibi harusi alinusa mkono wake, na watu wakamtazama uso. Mara ya kwanza alikunja pua. Mara ya pili aliinua nyusi. Jua lilipopita utosini alinusa, akafumba macho, na akatabasamu akidhani hakuna anayemwona.

"Shangazi," akasema, "nitaingia."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, wazee wetu walisema, vilisikika ng'ambo ya mto. Shangazi alicheka mpaka bangili zikalia. Nyamizi alimkumbatia Kalekwa, na Mtemi Kasanda alimpa Sungwa kiti barazani, karibu na mlango kwa ajili ya mguu wake. Kalekwa alipotaka kuvua ushanga wa unusaji, alama ya kazi yake, na kuurudisha, Mtemi aliukataa. "Mwenye pua isiyowahi kukosea simhitaji tena," akasema. "Wewe sasa unajua kungoja." Kalekwa akaketi chini kwa uzito, akaomba uji, akanywa bakuli mbili mfululizo, maana siku tatu hakuwa amekula vizuri.

Na tangu siku hiyo tumbaku ikatoka makaburini ikaingia katika mafuta ya maharusi. Tangu siku hiyo pia, ukienda kwa muuza manukato wa nchi hii asubuhi, atakupaka kifundo cha mkono, azibe kibuyu chake na kukuambia, "Nenda kwenye kazi zako, urudi alasiri." Ukimsifu papo hapo hatakushukuru, na ukimtukana papo hapo hatakasirika. Atakuelekeza kwa mkono njia ya kwenda shambani, na atahudumia mwingine.