Kivuli Kilichoangukia Maji

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, tutazifungua tena baadaye. Kwanza nina mtumbwi nataka muuone.

Ni mtumbwi mdogo wa mbao, wa mama mmoja aliyeishi kando ya ziwa. Haukuwa wa kuvulia. Kazi yake ilikuwa kumvusha binti yake asubuhi kwenda shule ng'ambo ya ghuba, na kumrudisha alasiri. Kwa miguu ungeizunguka ghuba nzima kwenye mchanga usio na mti hata mmoja. Binti mwenyewe alikuwa wa darasa la pili, mtoto mwenye ualbino, na maneno alikuwa nayo kuliko redio. Akianza habari za shuleni, nani kampiga nani, nani kalia, mama alikuwa anafika ng'ambo bila kujua amepiga kasia mara ngapi.

Sasa, ngozi ile na jua mnavijua. Kofia mtoto alivaa, mikono mirefu alivaa, mafuta ya zahanati alipaka yalipopatikana. Lakini majini jua lina pa kupitia pengi. Pembeni ya mdomo kikatokea kidonda. Kikakauka, kikarudi. Muuguzi akakitazama, akamwambia mama bila kuzunguka: "Mama, hiki kidonda sikipendi. Jua la kule ziwani ndilo linalokirudisha. Mtafutie mtoto kivuli mle mtumbwini, vinginevyo siku moja tutakaa hapa kuzungumza habari za saratani."

Unadhani majirani walisemaje? Walisema amwache nyumbani. "Mtoto wa namna hiyo shule ya nini? Mfungie ndani, atapona." Mama akawajibu, "Nilimzaa nimweke kabatini?" Akachukua kasia lake, akaenda zake.

Kisha akapanda kanisani, akasimama mbele ya watu, akaomba turubai la kufunika mtumbwi. Watu wakaguswa. Kweli wakaguswa, sitaki kuwasema vibaya bure. Michango ikapatikana siku ile ile, na kamati ikaundwa, maana sisi watu wa kanisa mtu akikohoa tu tunaunda kamati.

Kamati ikamwita fundi wa turubai. Fundi akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: "Mtumbwi wenyewe una upana gani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameshuka mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakofungwa, kuupima.

"Weka kubwa," mwenyekiti akasema. "Tunamtolea Bwana, tusibanebane."

Mjumbe mmoja akasema taratibu kwamba mama aliomba la kutosha mtumbwi tu. Mwenyekiti akamgeukia. "La kutosha mtumbwi? Sasa hilo litaonekana wapi?"

Litaonekana wapi! Hapo ndipo palipoharibika, ndugu zangu. Maana kanisa lile lilikuwa mlimani, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote. Mwenyekiti alitaka turubai ambalo watu wakitoka ibadani wakitupa macho kule chini wanaliona, na si kuliona tu, wanalisoma. Majina ya kamati yaandikwe kwa rangi nyeupe kwenye ukingo, herufi nene, la kwake likitangulia. Fundi akawaambia herufi za ukubwa huo zinataka turubai pana. Wakamwambia basi likate pana. Mmeelewa kilichotokea? Ukubwa wa kivuli haukupimwa kwa mtumbwi. Haukupimwa kwa mtoto. Ulipimwa kwa majina ya watu wasiopanda mtumbwi ule.

Wakalifunga Jumapili, baada ya ibada. Ibada zenu mnazijua, mpaka mtu atoke jua liko utosini. Turubai likatandazwa juu ya mabomba ya chuma yaliyosimamishwa mtumbwini, likazidi mtumbwi huku na huku, na kivuli kikaanguka chini yake moja kwa moja. Mtoto akaketishwa katikati ya kivuli, akacheka. Kwaya ikaimba. Picha zikapigwa, kamati mbele, mtoto nyuma akichungulia katikati ya mabega ya watu. Mama alilia kwa furaha. Na kwa nini asilie? Alijua mwanawe amepona.

Jumatatu asubuhi akausukuma mtumbwi majini. Nyinyi mnaoamka mapema niambieni, jua la saa moja linakaa wapi? Linakaa pembeni, chini kabisa. Likapita chini ya turubai bila hodi, likamkuta mtoto kwenye benchi lake, likamkalia usoni. Kivuli kilikuwepo, tusiseme hakikuwepo. Kikubwa, kizuri, kimenyooka. Kilikuwa kimelala juu ya maji upande wa pili, kinakwenda sambamba na mtumbwi, kinawafunika samaki.

"Mama," mtoto akauliza, "mbona kivuli chetu kimekaa kule?"

Mama akazidi kupiga kasia. Alasiri wakati wa kurudi, jua lilikuwa limehamia magharibi, na mtumbwi nao ulikuwa umegeuka kuelekea nyumbani, kwa hiyo likampiga mtoto ubavu ule ule wa kulia. Halafu ukaja upepo. Turubai lile pana likaukamata, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia mpaka kwenye mkoba wa shule. Mama akapiga kasia kwa nguvu zote mpaka nchi kavu. Kabla wiki haijaisha kidonda kilikuwa kimefunguka tena, na mtoto aliyekuwa haishiwi maneno akawa anavuka ghuba kimya, kiganja kimefunika mdomo.

Basi siku moja wakati wa kurudi, mama akamweka mtoto miguuni pake, akamfunika kanga, na yeye mwenyewe akaketi kwenye benchi la mtoto. Akakaa hapo mpaka jua likamchoma shavu. Akaona linapoingilia. Walipofika nchi kavu hakwenda kuitisha kikao. Alichukua kisu cha kuparia samaki.

Akalikata lile turubai! Lote lililozidi mbavu za mtumbwi, upande huu na upande huu, akalikata. Mabomba yaliyochomoza nje akamwita mchomeleaji akayapunguza. Kile kipande chenye majina kilikuwa na upindo wenye matundu ya kupitishia kamba, tayari kabisa, kwa hiyo akakifunga ubavu wa kulia kikaning'inia mpaka karibu na maji. Ila upindo ule ulikuwa upande wa chini wa maandishi. Mnaiona picha? Majina yote ya kamati yakaning'inia vichwa chini, miguu juu, la mwenyekiti likitangulia kama alivyotaka.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuja na nguvu zake zote, likaishia kwenye turubai. Mtoto akatazama huku na kule, halafu akaanza kusimulia habari za mwalimu wa hesabu na ile chaki iliyoangukia kwenye chai. Mama alicheka mpaka kasia likamponyoka.

Mwaloni nako watu walicheka, lakini walicheka mengine. Habari zikapanda mlima haraka kuliko mtu anavyoweza kupanda. Mama akaitwa mbele ya kamati.

"Mama Mtumbwi," mwenyekiti akasema, maana ndivyo walivyomwita kule, "tumekupa bure kabisa, na asante yako ndiyo kutuchanachana?"

"Shikamoo, mzee. Sikuwachana nyinyi. Nimechana turubai."

"Umetutundika vichwa chini! Nikipita sokoni watu wanainamisha shingo wananisoma. Sasa sikiliza. Utalishona lirudi kama lilivyokuwa, na Jumapili utasimama uombe radhi."

Mama alikuwa mtu wa heshima zake, lakini siku hiyo alikuwa amechoka kuinamisha kichwa. "Radhi nitaomba kama nimewaudhi, kwa sababu mlinitendea wema na siusahau. Kushona, sishoni. Jina lako likisimama, mwanangu anaungua. Kama unaona nasema uongo, kesho asubuhi shuka mwaloni upande nasi."

Mzee akashuka. Kwa hilo nampa heshima yake, wengi tusingeshuka. Alikuja amevaa koti, viatu vyake kavishika mkononi. Mtoto akamwamkia, mzee akaitikia vizuri, akapanda. Akatafuta pa kukaa. Akaliona benchi lenye kivuli, akaketi.

Hakuna aliyemwambia akae pale, na hakuna aliyemwambia asikae. Mtoto, kwa kuwa alikuwa amelelewa, alimwachia mkubwa nafasi. Akahamia benchi la mbele, ambako turubai halifiki. Mama alikuwa nyuma akihangaika kuusukuma mtumbwi, hakuona mpaka walipokuwa wameiacha nchi kavu.

Mzee akanyoosha miguu. Akavuta pumzi. "Sasa mama, tatizo lilikuwa nini? Mbona hapa kuna ubaridi mzuri tu?"

Mama akainua macho, akamwona mwanawe mbele, uso kaugeuza, kiganja mdomoni. Akaliondoa kasia majini, akalilaza magotini. Mtumbwi ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Mbona umeacha?"

"Hatuendi, mzee, mpaka mtoto arudi mahali pake."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Najua, baba yangu. Na shikamoo yako umepewa. Sasa naomba uinuke."

"Unaniinua mimi? Chini ya turubai langu?"

"Likisomwa kutoka kule mlimani, ni lako. Humu ndani ni la mtoto."

Mzee akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Mama alikunja mikono juu ya kasia, akakaa hivyo, na maji yakawa yanagonga mbao taratibu. Kama mzee angekataa mpaka jioni, nawaambia, wangekaa pale mpaka jioni. Mwishowe akainuka, ameshika bomba kwa mikono miwili asije akaanguka. Mtoto akapita chini ya kwapa lake, akaketi mahali pake. Mzee akaenda mbele, akavuka ghuba nzima kichwa wazi, juani.

Naona mmetulia mnasubiri. Najua mnachosubiri. Mnataka niwaambie kwamba mzee alilia, akamkumbatia mtoto, akatoa ushuhuda Jumapili. Sisemi! Sijui kama alitubu. Mtoto alirudi kivulini, jua likaishia kwenye turubai. Mbona hilo halitutoshi? Mbona hata mimi nikisimulia habari ya mtoto anayeungua, sisi masikio yetu yanamfuata mwenyekiti?

Kwa sababu tumezoea, ndugu zangu. Tumezoea kutoa wema unaosomeka kutoka mlimani. Tunauliza litaonekana wapi, hatuulizi litamfaa nani, saa ngapi, akiwa amekaa wapi. Tunatoa saa sita mchana, kila kivuli kikiwa kimekaa vizuri kwa ajili ya picha, kisha tunakwenda kula. Saa moja ya Jumatatu hatupo.

Tuligawa viatu hapa mwezi uliopita. Tulipiga makofi, nami nilipiga. Inueni mkono, nani kati yetu alimuuliza mtoto hata mmoja namba ya mguu wake? Msiangalie chini, angalieni huku. Wale watoto waliondoka hapa wanachechemea, na sisi tukasema Bwana asifiwe. Wiki hii tunakwenda kwenye nyumba zao, mlango kwa mlango, na kipande cha kamba cha kupimia. Kiatu kinachobana kirudi dukani. Na yule mzazi aliyethubutu kukata ncha ya kiatu tulichompa mwanawe ili vidole vipumue, asije mtu hapa akamwita hana shukrani. Atakayemwita hivyo aje kwangu kwanza.

Na kuna jambo moja nimelificha tangu mwanzo, nikawa napima kama kuna atakayeliuliza. Nimewaambia habari za majina yaliyoandikwa, ya kwanza mpaka ya mwisho, yaliyosimama na yaliyopinduliwa. Nimewasimulia mtoto muda wote huu, kidonda chake, maneno yake, kiganja chake mdomoni. Hakuna hata mmoja wenu aliyeinua mkono akasema, mchungaji, huyu mtoto anaitwa nani?

Anaitwa Nyanjige. Na yule mwanamke hakuwa Mama Mtumbwi. Alikuwa Mama Nyanjige.