Sura Mpya ya Uwanja wa Fisi

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, mito ikajaa, lakini uwanjani kwa Fisi kulikuwa na ukame wa wageni. Zamani kila mnyama alikuwa na kibanda chake pale, amekipaka rangi aitakayo, na mlangoni amebandika nyayo za marafiki zake kwa udongo. Buibui alitandaza nyuzi kutoka kibanda hadi kibanda. Ukivuta uzi, rafiki zako wanajua una wimbo mpya, nao wanakuja kuucheza. Ndiyo maana wakauita Mtandao wa Fisi.

Kwa tamaa yake Fisi akaingiza wachuuzi wa mifupa. Wimbo ukifika patamu, mchuuzi anakatiza kunadi. Wageni wakachoka, wakahamia kwa Nyani ng'ambo ya bonde, ambako hakuna ngoma ila umbea, na umbea nao una utamu wake. Walibaki Chura na wapigaji wachache, ambao ngoma zao zilikaa ghalani kwa Fisi.

Simba, mwenye ardhi, akatuma neno: uwanja usipojaa mwezi utakapoandama, atautwaa. Fisi akakosa raha. Aliupenda uwanja ule kuliko tumbo lake, au ndivyo alivyojiambia, na tumbo likanguruma kumbishia.

Akaenda kwa Sungura kuomba shauri. Sungura akamwambia awafukuze wachuuzi, apake chokaa, abadilishe nyuzi, kisha awaalike wote, hata Nyani. "Lakini bwana, wageni utawarudisha kwa ngoma," akamwonya. "Chokaa hata kaburi hupakwa."

Fisi akafanya kazi kweli, akapaka mpaka masharubu yakawa meupe. Ikabaki kuzipasha ngoma moto ili ngozi zikaze, kama wafanyavyo wapigaji wote. Alipaswa kumwita Chura, lakini alitaka sifa yote iwe yake. Ngozi za mbuzi zilipopata joto zikaanza kunukia. Fisi akaonja ukingo mmoja, ajue tu kama zimekaza. Hivi nani mwenye akili humkabidhi fisi bucha? alijiuliza huku akitafuna, na akakiri kuwa ni fisi mwenyewe.

Alipomaliza ya mwisho, alilia. Kisha akafunika midomo ya ngoma kwa majani ya mgomba, akayapaka chokaa na nakshi nyekundu. Chura alipouliza mbona ngoma yake imebadilika, akajibiwa kwamba hiyo ndiyo sura mpya, na asiiguse, rangi haijakauka.

Siku ya ufunguzi uwanja ukafurika. Simba akaketi mbele, kifua wazi. Sungura akamtazama Fisi, akaona manyoya ya mbuzi katikati ya meno yake.

"Mzee Simba," akasema kwa adabu, "desturi ni mwenye uwanja kufungua ngoma."

Fisi akasema mkono unamuuma. Simba akanguruma kidogo, mkono ukapona. Fisi akapiga ngoma ya Chura. Jani likachanika, mkono ukazama hadi begani. Chura akachungulia ndani ya ngoma aliyoachiwa na baba yake.

"Ngozi iko wapi, Fisi?" Simba akauliza.

"Nimeila, mzee. Zote nimezila. Niliandaa karamu ya kuufufua uwanja, nikaimaliza kabla wageni hawajafika."

Kisha akacheka, kile kicheko chake, maana alijiona alivyo: chokaa usoni, mkono ndani ya gogo tupu. Wageni nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hapakuwa na shangwe kama ile pale tangu enzi za vibanda, na kwa kitambo Fisi akadhani uwanja umefufuka.

Lakini wakaondoka mmoja mmoja, wakavuka bonde kwenda kusimuliana kisa chake kwa Nyani. Simba akampa Chura uwanja, awambe ngoma upya. Fisi akatoka na tumbo lake, limeshiba, na moyo ukimuuma kweli. Ndipo wanyama waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.